Majani ya Shamba la Darasa la Tano

Kila asubuhi, kabla ya kuhesabiwa namba mstarini, wanafunzi wa shule moja ya Mazwi, mjini Sumbawanga, walikimbia mchakamchaka mara mbili kuzunguka uwanja. Ilikuwa Februari, 1975, na tope lilifika vifundoni. Bertilla, msichana wa miaka kumi na miwili, alikimbia pekupeku kama wenzake wengi, akanawa miguu kwenye mfereji, kisha akaingia darasa la tano kutafuta nafasi kwenye dawati.

Nafasi ilikuwa shida. Tangu Sumbawanga ifanywe makao makuu ya mkoa, mwaka mmoja uliopita, darasa lilikuwa limeongezeka kutoka wanafunzi thelathini na wanane hadi sitini na mmoja. Waliokuja walikuwa watoto wa makarani, madereva na wauguzi waliohamishiwa pale kutoka Kigoma, Tabora na Pwani. Wenyeji walikuwa watoto wa wakulima Wakatoliki, kama Bertilla, na watoto wa Waislamu wenye maduka, kama Abdala. Wakati wa mapumziko kila kundi lilikaa kivyake. Mwalimu Lukmani, ambaye naye alikuwa mgeni kutoka Tanga, aliliona jambo hilo, akalitungia somo.

"Leo hatufungui vitabu," alisema. "Kila mmoja atueleze jambo moja linavyofanywa kwao. Hatuwezi kujenga taifa moja na huku hatujuani. Mwanaheri, anza."

Mwanaheri, binti wa muuguzi aliyetoka Ujiji, alisimama. "Kwetu dagaa wakishavuliwa tunawaanika mchangani, halafu…"

"Kumbe ndiyo maana wanatukwaruza meno!" mmoja alidakia. Darasa likaangua kicheko. Bertilla naye alicheka, tena kwa sauti. Mwanaheri akaketi bila kumaliza.

"Kimya!" alisema mwalimu. "Haya, Bertilla. Keshokutwa tunaanza kutengeneza shamba letu. Njiani nimeona watu wa hapa wanarundika udongo vilimavilima. Ule ni ukulima gani?"

Bertilla aliujua vizuri. Zile zilikuwa ntumba. Alikuwa amezilima na mama yake tangu akiwa na miaka saba. Lakini kabla hajafungua mdomo, Abdala alisema, "Makaburi hayo, mwalimu! Wanalima makaburi! Bertilla, mnamzika nani?"

Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Bertilla alihisi masikio yakimwaka.

"Sijui, mwalimu," alisema. "Sisi nyumbani hatulimi hivyo."

Mwalimu Lukmani alimtazama kidogo, kisha akafungua kijitabu cha kilimo. "Basi tutafuata hiki. Majani tuliyofyeka tutayachoma, halafu tutapiga matuta."

Jioni ya siku iliyofuata, Bertilla alimsimulia mama yake, Margareth, kazi iliyokuwa ikiwangoja. Mama aliacha kuchambua maharage.

"Mtachoma majani yote yale? Udongo wa shamba lenu umechoka. Mwaka jana mlipata mahindi ya uji wa shule wa wiki tatu tu. Hayo majani ndiyo mbolea pekee mliyo nayo!"

"Mwalimu ndivyo alivyosema, mama."

"Mwalimu ni mtu wa Tanga, atajuaje? Hakuuliza wenyeji?"

Bertilla aliinama. "Hakuuliza."

"Mwalimu gani huyu asiyeuliza! Jumapili nitamweleza mwenyekiti wa kamati ya shule. Wamwonye."

Bertilla hakula vizuri. Uongo wake wa kwanza ungeteketeza mbolea ya shamba. Wa pili ungempa lawama mtu ambaye kwa kweli alikuwa ameuliza. Na majani yakishakuwa majivu, kuungama kusingesaidia kitu.

Asubuhi walitoka na majembe. Majani makavu yalikuwa yamerundikwa katikati ya shamba. Mwalimu Lukmani alitoa kibiriti mfukoni.

"Mwalimu, usiwashe!" Bertilla alijitokeza mbele. "Nilikudanganya. Nyumbani tunalima vile vilima. Tunaviita ntumba."

"Makaburi yamefufuka!" alisema Abdala, na wachache wakacheka. Mwalimu hakupiga kelele. Alirudisha kibiriti mfukoni na kungoja mpaka hata wa mwisho aliyecheka akaona aibu.

"Kwa nini ulinidanganya?"

"Niliogopa kuchekwa. Na nyumbani nimesema hukuuliza. Leo nitamwambia mama ukweli." Kisha akamgeukia Mwanaheri. "Nawe nilikucheka. Nisamehe."

"Yamekwisha," alisema Mwanaheri. "Ila ule mchanga wa dagaa sisi tunaupepeta, hamkunipa nafasi ya kusema tu. Haya, tuonyeshe hizo ntumba."

Bertilla alichukua jembe. Alirundika majani, akakata mabonge ya udongo yenye nyasi na kuyafunika juu yake, nyasi zikitazama ndani. "Majani yanaoza humu. Juu tunapanda maharage. Mvua za mwaka ujao zikianza tunasambaza ntumba, ndipo tunapanda ulezi au mahindi."

"Ushahidi upo?" aliuliza mwalimu.

"Upo shambani kwetu, mwalimu."

"Nataka na wa hapa." Akapima shamba kwa hatua, akaligawa katikati. Upande mmoja walichoma na kupiga matuta, upande wa pili wakalima ntumba. Mbegu za maharage zilikuwa sawa, na siku ya kupanda ilikuwa moja.

Mwezi wa Juni matuta yalitoa madebe matatu na nusu ya maharage, ntumba matatu. Abdala alishangilia. Mwalimu aliandika matokeo yote mawili, akasema wasubiri. Mvua ziliporudi walisambaza ntumba, wakapanda mahindi shamba zima. Walipovuna walikuwa darasa la sita. Abdala ndiye aliyepima. Alipima mara mbili, kwa kuwa hakuamini, kisha akatangaza mwenyewe:

"Upande wa matuta, madebe saba. Upande wa ntumba, kumi na moja."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mwalimu Lukmani aliwaketisha kando ya shamba.

"Somo langu la mwaka jana lilishindwa," alisema, "na kosa la kwanza ni langu. Niliwataka mseme, lakini sikuhakikisha kwamba atakayesema atasikilizwa. La pili ni la waliocheka. La tatu ni la Bertilla, aliyejua akasema hajui, ingawa alilirekebisha mwenyewe mbele ya watu. Matokeo haya si ushindi wa kabila lolote. Kwenye maharage matuta yalizidi, kwenye mahindi ntumba zimezidi, na tusingejua lolote kati ya hayo kama Bertilla angenyamaza. Mkimcheka mwenzenu, mnamfunga mdomo. Na wewe unayeficha unachokijua, hasara si yako peke yako. Ni ya shule nzima."

Akainuka. "Sasa bebeni madebe. Uji wa muhula huu umepatikana."