Gari la Desemba, Gari la Masika

Siku ya soko nyumbani kwa Tabitha haikuwa na mchezo. Ng'ombe wakamuliwe, watoto wale waende shule, Bibi apate uji wake, na mikungu ya ndizi iwe kando ya barabara kabla pikapu ya kukodi haijapita. Pikapu hiyo haikumsubiri mtu. Ilishuka kutoka vijiji vya juu vya Old Moshi ikiwa imeshajaa, na dereva alipiga honi moja tu, ya kutimiza wajibu.

Tabitha alikuwa akikaa huko nyuma juu ya ndizi zake, ameshikilia bomba la bodi, mpaka Kiboriloni. Hayo alishayazoea. Jambo ambalo hakulizoea ni kumwona mama mkwe wake, Bibi Elizabeth, akipandishwa kwenye pikapu hiyohiyo kwenda hospitali.

Bibi Elizabeth alikuwa na nyonga mbovu. Hospitali ya mjini ilimtaka aende kila mwezi kufanyishwa mazoezi. Siku hiyo ikifika, mtu mmoja alimshika kwapani, mwingine akamsukuma kwa nyuma, na wanaume waliokaa juu ya mizigo wakatoa ushauri bila kuombwa. Safari ya mwisho, gauni lake lilipanda mpaka juu ya magoti mbele ya watu wote. Bibi alilivuta chini kwa mikono miwili njia nzima. Mwezi uliofuata alibaki kitandani.

"Mguu umepona," alisema.

Mguu haukuwa umepona. Hata kanisani aliacha kwenda. Tabitha alimwonea huruma, maana alijua kilichomzuia si mguu bali ni aibu. Na daktari alishawaambia waziwazi: bila mazoezi nyonga itakakamaa, na mama huyu hatasimama tena.

Kwa hiyo mumewe, Eliezeri, aliposema jioni moja kwamba sasa wanunue gari, Tabitha alifurahi kuliko alivyoonyesha. Walikuwa wameweka akiba ya kahawa na maziwa kwa miaka mingi. Na mambo yalikuwa yamefunguka nchini. Zamani gari lilikuwa la serikali, la misheni, au la mwenye duka. Sasa magari yaliyotumika Japani yalijaa kwenye yadi za Moshi mjini, na hata mkulima aliweza kwenda kuyachungulia.

"Tununue pikapu," Tabitha alisema. "Tutabeba ndizi. Tutaleta majani ya mpunga ya ng'ombe kutoka Chekereni."

Eliezeri aliweka kikombe chini.

"Pikapu, Mama Praygod? Krismasi mdogo wangu asimamishe shangingi hapo uani, na mimi nisimamishe pikapu yenye mabaki ya majani ya ng'ombe?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Kila Desemba Wachagga waliotawanyika nchi nzima hurudi nyumbani. Njia za mlimani hujaa magari. Jioni watu hutembea taratibu, eti wananyoosha miguu, kumbe wanatazama nani kaja na gari gani. Ebenezeri, mdogo wake Eliezeri, alikuja kutoka Dar es Salaam kila mwaka na gari refu linalong'aa, na kijiji kizima kilimsifu. Eliezeri ndiye aliyebaki nyumbani. Ndiye aliyetunza kihamba, shamba la migomba la baba yao, akakamua ng'ombe, akamwogesha mama kwa maji ya moto. Kwa hayo hakusifiwa na mtu. Yalimuuma, ingawa hakuwahi kuyatamka.

"Nimeshaliona langu," aliendelea, na sauti yake ikawa laini. "Shangingi la kijani. Tairi la akiba limebandikwa mgongoni. Bampa inang'aa mpaka unajiona. Vioo vyeusi! Dalali anasema kuna mtu mwingine analitaka."

"Kila dalali ana mtu mwingine," Tabitha alijibu.

Kesho yake alimwita Winfrida, jirani yao. Winfrida alikuwa mwalimu wa udereva mjini. Kabla ya hapo aliendesha magari ya misheni kwa miaka mingi, kwenye matope na kwenye mawe, na hakuwa na makuu. Alimwamkia Bibi kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiburu."

Winfrida alikula ndizi na maharage yake bila haraka. Kisha akawageukia wenyeji.

"Shemeji, shangingi si gari baya. Na pikapu si gari baya. Ila kabla ya kuuliza gari lipi ni zuri, ulizeni kwanza: litabeba nani, litabeba nini, na litapita wapi?"

"Litatubeba sisi wawili, mama, na watoto wawili," Eliezeri alisema. "Na ndizi kila wiki."

"Na majani ya mpunga," Tabitha aliongeza.

"Majani kila wiki?"

Tabitha alifikiri. "Hapana. Baada ya mavuno tu."

"Basi hayo mnaweza kuyakodia gari. Usinunue gari la mwaka mzima kwa ajili ya mzigo wa msimu," Winfrida alisema. "Sasa sikilizeni. Pikapu ina nguvu, mgongo wake haulalamiki, na ukimaliza unaimwagia maji. Lakini mbele hukaa watu wawili, watatu kwa kubanana. Wengine watakaa wapi?"

"Nyuma," Eliezeri alisema. "Watu wote hukaa nyuma."

"Na watu wote tunawazika. Bodi ni ya mzigo, shemeji. Huko nyuma hakuna mkanda wala cha kukuzuia. Gari likifunga breki ghafla, mtu anaruka pamoja na ndizi. Tena pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma. Kwenye matope yetu inateleza kama sabuni."

Tabitha alikumbuka alivyokuwa akikaa juu ya mikungu huku ameshika bomba.

"Si kuna pikapu za milango minne?" aliuliza.

"Zipo. Watu wanakaa vizuri, lakini bodi inakuwa fupi, na gari lenyewe liko juu kama shangingi. Haya, shangingi sasa. Linapita popote, lina nafasi, na kwa sura halina mpinzani. Lakini linakunywa mafuta hilo! Matairi yake makubwa ni ghali, na spea zake pia. Mwisho kuna stesheni wagoni. Ni gari la chini, lenye mgongo mrefu. Unalaza viti vya nyuma, unapanga mikungu. Unaviinua, watoto wanakaa. Mafuta kidogo, na spea zake zimejaa mjini. Ubaya wake, tumbo liko karibu na ardhi. Njia mbaya italikwangua. Na ukilijaza mno, springi zinalala."

"Stesheni wagoni ni gari la mwalimu mkuu," Eliezeri alinung'unika. "Desemba nani atalitazama?"

Winfrida alicheka, lakini bila kumdharau.

"Shemeji, Desemba nakuelewa. Mimi mwenyewe nalisugua langu. Lakini Desemba inapita kabla hujashiba nyama. Gari hili utaishi nalo masika, matope yakiwa hapa, na mgonjwa yuko ndani." Alimtupia Bibi jicho. "Mama mmemuuliza?"

Bibi Elizabeth alikuwa pembeni akimenya maharage. Hakuinua kichwa.

"Mimi ni wa kupakiwa tu," alisema. "Nunueni mnalopenda."

Maneno hayo yalimchoma Tabitha. Alimtazama mumewe, na mumewe akatazama chini.

"Mwambie dalali alilete hapa," Winfrida alishauri. "Gari hujaribiwa kwenye njia yako, na watu wako, si kwenye lami ya mjini."

Jumamosi dalali alileta shangingi. Lo, lilipendeza! Lilipanda kilima bila kuhema, likavuka tuta la mawe lililoko kwenye mfereji, likaingia uani. Majirani walichungulia juu ya ua wa masale. Praygod na dada yake walijitazama kwenye bampa wakatoa ndimi. Eliezeri alilizunguka mpaka mlango wa dereva kama bwana harusi.

"Mama, njoo upande!"

Bibi alikuja na mkongojo wake. Alishika mlango. Aliinua mguu mzima, lakini ule mbovu haukuweza kumbeba. Sakafu ya gari ilikuwa juu mno. Alijaribu tena, akayumba.

Eliezeri alimwahi, akamshika kwapani. Dalali naye akaja kwa nyuma, mikono tayari kusukuma.

"Niache!" Bibi alisema.

Hakupaza sauti. Lakini Eliezeri alimwona machoni, na akamwachia. Kwa mara ya kwanza alielewa kilichomlaza mama yake kitandani siku ya hospitali. Tabitha alitaka kumshika mumewe mkono, lakini watu walikuwa wengi.

"Tunaweza kuweka kigoda," dalali alisema.

"Kigoda kiteleze masika, aanguke, umnyanyue wewe?" Winfrida, aliyekuja kutazama, aliuliza. "Tuletee ile stesheni wagoni nyeupe iliyoko yadini kwenu."

Alasiri stesheni wagoni ilikuja. Haikuwa na vioo vyeusi, wala haikuwa na tairi mgongoni. Ilipofika kwenye tuta la mfereji, tumbo lilikwangua mawe, krrr, na Eliezeri akauma meno. Majirani waliokuwa wamechungulia asubuhi walirudi kwenye kazi zao.

Winfrida alimfungulia Bibi mlango.

"Mama, usianze na mguu. Geuka, kaa kwanza. Miguu itafuata."

Bibi aligeuka. Akakaa. Kiti kilikuwa sawasawa na kiti chake cha jikoni. Aliingiza mguu mzima, kisha akaushika ule mbovu kwa mikono yake mwenyewe na kuuvuta ndani. Hakuguswa na mtu.

"Mae!" alisema, na akacheka. Tabitha hakukumbuka ni lini alimsikia akicheka hivyo.

Eliezeri alilitazama gari, kisha akaitazama njia ya kurudi kwenye mfereji.

"Tuta naweza kulichimba," alisema mwishowe. "Nyonga ya mama siwezi."

Hawakununua siku hiyo. Winfrida alikataa kabisa haraka ya dalali. Alilipeleka gari kwa fundi wanayemwamini, likaingia kwenye shimo la gereji. Fundi alitazama kutu chini ya sakafu. Alitazama moshi, akasikiliza injini ikiwa baridi na ikiwa na moto. Alikagua breki na matairi. Mikanda ya viti vya nyuma ilikuwa imesokotwa chini ya kiti, akaichomoa na kuijaribu mmoja mmoja. Namba zilizopigwa kwenye bodi walizilinganisha na zile za kwenye kadi ya gari. Fundi alikuta shokapu mbili zimekufa, na mwenye yadi akakubali kuweka nyingine. Ndipo wakanunua.

Njia ilichimbwa kwa msaragambo. Eliezeri aliwaita majirani, na kwa kuwa tuta lile liliwasumbua hata wenye mikokoteni, walikuja na masururu. Walilisawazisha, wakapanga mawe bapa, na mfereji ukapitishwa kwenye bomba. Tabitha aliwapikia mtori. Wanywaji walitafuta mbege wenyewe.

Mambo ya nyumbani yalibadilika. Siku ya soko viti vililazwa, turubai likatandikwa, mikungu ikapangwa mpaka kiasi alichosema Winfrida, si zaidi. Tabitha alikaa mbele, amefunga mkanda, na wenzake wa Kiboriloni walimwita mheshimiwa mpaka akachoka kuwakatalia. Majani ya mpunga yalikuja na pikapu ya kukodi baada ya mavuno. Na kila mwezi, mvua au jua, Bibi Elizabeth alikwenda hospitali. Mwanzoni alifanya mazoezi analia. Baadaye alifanya anagombana na muuguzi. Baadaye tena akaanza kudai safari zake: leo kwa dada yake, kesho sokoni, akajipimie dagaa mwenyewe maana Tabitha, alisema, huibiwa akitazama. Kanisani tu hakurudi; alisema atarudi siku atakayoweza kutembea mwenyewe mbele za watu.

Desemba ilifika. Ebenezeri alikuja na shangingi jipya, refu kuliko la mwaka jana. Aliegesha kando ya stesheni wagoni, na hapakuwa na haja ya kuuliza lipi linapendeza. Tabitha alimwona mumewe akilipangusa lao vumbi kwa kitambaa, taratibu, bila kumtazama mtu.

Asubuhi ya Krismasi wote walitoka uani wamevaa vizuri. Ebenezeri alifungua mlango wa gari lake.

"Mama, leo unapanda hili. Mama hawezi kwenda kanisani na gari dogo wakati nipo."

Alinyoosha mikono kumbeba. Alifanya hivyo kwa upendo, na kila mtu aliona.

"Zuri sana, mwanangu," Bibi alisema. "Litangulize. Tutakukuta huko."

Alimpita. Alitembea na mkongojo wake mpaka kwenye stesheni wagoni, akafungua mlango, akageuka, akakaa. Aliingiza mguu mmoja, kisha wa pili. Akavuta mkanda, ukalia tak.

"Eliezeri! Tunachelewa."

Eliezeri aliingia akaketi nyuma ya usukani, na kwa muda hakuwasha gari. Alikuwa akifuta macho kwa kiganja. Tabitha, aliyekuwa nyuma na watoto, alijifanya anafunga mkufu.

Kanisani mlango wa gari ulifunguka, na Bibi Elizabeth akashuka mwenyewe, gauni lake limenyooka mpaka chini. Kinamama walimzunguka. Walikuwa hawajamwona hapo tangu aache kuja. Mmoja alimshika mabega, akamtazama juu mpaka chini, kisha akalitazama lile gari jeupe.

"Umekuja na gari la nani, Mama Eliezeri?"

"La kwangu," alijibu Bibi.

Eliezeri alikuwa nyuma yake, ufunguo mkononi. Alisikia vizuri kabisa, na hakumsahihisha.