Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Jumamosi moja baada ya nyingine, nyumbani kwa akina Wangeci ilikuwa siku ya kufua vitambaa. Mama yake alikuwa fundi wa kushona sare za shule katika soko la Jericho, na hata akiwa nyumbani hakuweza kukaa bure. Alifuma. Alifuma vitambaa vya makochi, vya meza, cha redio, cha televisheni na hata cha mtungi wa maji ya kunywa. Siku ya kufua ikifika, vyote vilivuliwa na kuanikwa kwenye kamba nje, nao majirani wakapita wakivisifu. Ole wake mgeni aliyekaa vibaya akakunja kimoja!

Wangeci, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, hakuwa na habari na kufuma. Yeye alitaka kujiundia kompyuta ya gemu kwa mikono yake mwenyewe. Mjomba wake Phares alimletea kasha na vifaa vingine vya kompyuta kuukuu kutoka ofisini kwao. Baadaye akamwongezea kadi ya picha, ile inayofanya magari ya kwenye gemu yaonekane ya kweli. Kulikosekana vitu viwili tu: feni za kupoza, na pawa saplai, yaani lile boksi la chuma linalopokea stima ya ukutani na kuigawia kompyuta.

Basi likizo ya Agosti ilipoanza, Wangeci alifululiza hadi mtaa wa Eastleigh, kwenye duka la vifaa vya kompyuta la Mzee Abukar. Binti wa Abukar, Deeqa, alikuwa rafiki yake na walisoma darasa moja. Likizo hiyo, kwa mara ya kwanza, Deeqa alikuwa ameruhusiwa na baba yake kuwashauri wateja peke yake. Wee! Alisimama pale kaunta kichwa juu, utadhani duka ni lake.

"Niaje, Deeqa?"

"Poa! Umekuja kununua ama kuangalia tu?"

Wangeci alishanogewa na pawa saplai moja yenye taa za rangi saba. Deeqa akaitoa, akatoa na nyingine nyeusi isiyo na pambo lolote, akampa zote mbili azishike. Ile ya taa ilikuwa nyepesi ajabu.

"Umeona? Ndani ni kama hamna kitu," Deeqa alisema. "Wameandika wati mia saba, lakini kuandika si kazi. Hii nyeusi ni mia tano, na ni mia tano za kweli. Kompyuta yako ikicheza gemu itakula kama mia tatu hivi. Itabaki nafasi, isihangaike."

"Na feni?"

"Mbili. Moja mbele ivute hewa baridi, moja nyuma isukume joto nje. Halafu nisikilize vizuri: uache nafasi ya shibiri nzima nyuma na juu. Na usiifunike na kitu chochote. Inapumua hiyo!"

Wangeci aliitikia, akabeba vitu vyake, akaenda zake akiimba.

Siku tatu alifunga skrubu, akafungua, akafunga tena. Siku tatu hizo hizo mama yake alikuwa kwenye kochi, sindano mkononi, akifuma kitu na kutabasamu. Wangeci alipomaliza, Mama alimpa nafasi ndani ya kabati la televisheni, akaisukuma kompyuta mpaka ikagusa mbao za nyuma. Kisha akaleta kazi yake: kitambaa kizito cha rangi ya damu ya mzee, chenye nailoni ya kuzuia vumbi kwa ndani. Kilifunika juu, kikaning'inia mbele na nyuma.

"Sebuleni kwangu hakuna kitu kinachokaa uchi," alisema. "Si imependeza?"

Maneno ya Deeqa yalimjia Wangeci mara moja. Alifungua mdomo. Lakini aliogopa. Akisema kompyuta haitaki kitambaa, Mama atasema basi na itoke sebuleni, na chumba chao kingine hakikuwa hata na soketi ya stima. Isitoshe, Mama alikuwa amefurahi sana.

"Imependeza, Mama," akasema.

Jioni hiyo aliwasha gemu ya magari. Alikuwa wa pili katika mbio, anakaribia kumpita wa kwanza, mara pap! Kioo kikawa cheusi. Akangoja, akawasha tena. Baada ya robo saa, pap! Alipopitisha mkono chini ya kitambaa, kasha lilikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Kesho yake hali ikawa ile ile. Akampigia Deeqa simu.

"Umeifunika?" Deeqa akauliza.

"Hapana."

Neno lenyewe lilimtoka haraka mno. Moyoni akajitetea kwamba kitambaa si kifuniko, ni pambo. Hebu ona ujanja huo!

"Basi labda pawa saplai ina kasoro," Deeqa alisema kwa unyonge. "Irudishe."

Siku ya Jumatano Wangeci aliirudisha. Mzee Abukar hakuuliza maswali mengi, maana alilinda jina la duka lake kuliko kitu kingine. Alimpa nyingine papo hapo, kisha akamgeukia binti yake mbele ya wateja.

"Hii si uliichagua wewe? Umeuzia watu mali mbovu kwa jina langu. Kuanzia leo kazi yako ni kufagia na kupanga maboksi. Wateja niachie mimi. Na hizi zilizobaki, kumi na mbili zote, zitarudi kwa muuzaji wa jumla Jumamosi jioni."

 Deeqa macho yalimjaa machozi, akaenda kuchukua ufagio. Wangeci alitazama sakafu, akaondoka bila kuaga.

Ile pawa saplai ya pili nayo ilidumu robo saa tu. Ya tatu angeiomba kwa uso gani?

Jumamosi asubuhi Mama alivua vitambaa vyote akavitoa nje kuvifua. Wangeci aliiwasha kompyuta bila matumaini, akaivuta mbele kidogo kwenye kabati. Robo saa ikapita. Nusu saa. Saa nzima! Magari yalikimbia tu. Alitoka mbio akachukua blanketi, akaifunika kompyuta kwa makusudi na kuisukuma nyuma ilivyokuwa. Haikuchukua muda, pap! Alipoifunua na kuiacha ipoe, ikawaka na kuendelea vizuri kabisa.

"Haijaharibika!" alipiga kelele akiruka. "Kadi yangu ni nzima! Kila kitu kizima!"

Kisha akamkumbuka Deeqa na ufagio wake, furaha yote ikamwishia. Siku yenyewe ndiyo ile ya kurudisha pawa saplai. Zikishaenda, nani angemwamini Deeqa tena?

Alimfuata Mama kwenye kamba ya nguo, akamweleza kila kitu, akilia kidogo. Mama alisimama na kitambaa kilichojaa maji mkononi.

"Ngai! Yaani nilikuwa naipika kompyuta yako?" akauliza. Akaanza kucheka, lakini kicheko kikakatika. "Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utaitoa sebuleni."

"Na mtoto wa watu anafagia kwa sababu yako? Vaa viatu twende. Hivi vingine vitajianika."

Walifika dukani wakitweta. Maboksi kumi na mawili yalikuwa yamefungwa kwa kamba mlangoni, yakingoja mkokoteni. Deeqa alikuwa anafagia nyuma ya kaunta. Alimwona Wangeci, akainamisha kichwa akaendelea.

"Baba Deeqa," Wangeci alisema.  "Pawa saplai ni nzima. Nilifunika kompyuta kwa kitambaa. Deeqa aliniambia nisifunike, na aliponiuliza nikamdanganya. Yeye hana kosa lolote."

  Abukar alitoa ile pawa saplai ya kwanza chini ya kaunta, akaiunganisha kwenye kompyuta ya kupimia vifaa, akawasha. Wote walingoja. Dakika zikaenda, nusu saa ikafika na kupita. Haikuzima.

"Astaghfirullah," Abukar alisema polepole. "Na mimi nikamhukumu mwanangu bila kuipima." Akamgeukia Deeqa pale pale mbele ya wateja. "Nisamehe, binti yangu. Ulichagua vizuri."

Deeqa alishusha pumzi ndefu. Lakini alipomtazama Wangeci, uso wake ulikuwa bado mkavu.

"Nilikuuliza, Wangeci. Nilikuuliza waziwazi."

"Najua. Nilikudanganya. Nisamehe."

 Deeqa akauliza, "Kitambaa chenyewe kilikuwa na nailoni?"

"Kwa ndani yote."

"Wallahi wewe!" Deeqa alisema, na kicheko kikamponyoka. Wangeci naye akacheka, machozi yakimtoka kwa jinsi alivyopata nafuu. Hata Abukar alitabasamu huku akifungua kamba za maboksi.

Mama alimshika Wangeci begani. "Kompyuta tutaitafutia meza yake, na ikae bila kitambaa. Lakini sikia. Uliogopa kuniambia neno moja tu, na mwenzako ndiye aliyebeba lawama siku zote hizi. Siku nyingine niambie ukweli, hata kama nitakasirika. Mimi hasira zangu hupita, mwanangu."

"Nimesikia, Mama."

Mteja mmoja aliingia wakati huo, akamuuliza Abukar ni pawa saplai gani ingemfaa. Abukar akasogea kando.

"Muulize binti yangu," alisema. "Yeye ndiye anayezijua."

Deeqa aliuegemeza ufagio ukutani, akajifuta mikono, akaja kaunta kichwa juu. Wangeci aliuchukua ule ufagio, akafagia duka lile kona hadi kona.