Nilimwaga Maziwa ya Njano

Nina miaka ishirini na minne, nauza mboga hapa Hai Mauna, Juba. Haya ninayowaandikia hata mume wangu hakuyajua mpaka wiki iliyopita...

Mwanangu Samweli alizaliwa salama. Siku ya tatu nilimtoa mlangoni kumwosha, nikaona macho yake ni ya njano. Uso njano, kifua njano. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa njiani kutoka Nimule na simu haipatikani.

Nikamkimbilia Mama Opio, jirani yangu Mganda aliyelea watoto sita. Akaniambia nikamue ziwa kwenye kijiko. Yakatoka mazito, ya njano.

"Si unaona mwenyewe?" akasema. "Hiyo maziwa ndiyo inamchafua. Mwaga. Mpe maji ya glukosi mpaka nyeupe ije."

Nani asingeamini? Rangi ilikuwa ile ile!

Nikawa nakamua, namwaga nyuma ya choo. Mtoto akatulia. Halii, analala tu, nami namshukuru Mungu. Mjinga mimi.

Siku ya nne mkunga alipita kutuona. Akauliza kama mtoto ananyonya. Nikasema ananyonya vizuri, dada. Kliniki walishatukataza kumpa mtoto kitu kingine, niliogopa kugombezwa. Akasema nimnyonyeshe mara kwa mara, na akishindwa kuamka nimkimbize hospitali. Nikaitikia, akaenda zake.

Siku ya sita hakuamka. Nilimfinya unyayo... wapi. Kisha akajikunja kinyumenyume, shingo imekakamaa, akatoa kilio chembamba ambacho sijawahi kusikia kwa mtoto. Sikumbuki nilivyopanda boda. Nakumbuka tu nilikuwa namwekea sikio puani, nisikie kama bado anapumua.

Hospitalini wakamweka chini ya taa ya buluu, wakamlisha kwa mpira wa puani. Nesi akaniuliza lile swali la mkunga. Safari hii nikasema kweli. Hakunigombeza. Alisema polepole kwamba yale maziwa niliyomwaga ndiyo yangemsaidia kuitoa ile njano mwilini kwa njia ya choo. Heri angenipiga.

Alipona. Sasa ana miezi minane, mnene, anacheka na kila mtu. Lakini sufuria ikianguka nyuma yake hageuki. Wiki iliyopita daktari alimpima, akasema ile njano ilimharibu masikio, ndipo nikamweleza mume wangu yote.

Wenzangu, maziwa ya kwanza ni ya njano hivyo hivyo, msiyamwage. Mtoto akiwa wa njano na analala kupita kiasi, msingoje. Na mkiulizwa kama ananyonya, nawaomba, semeni kweli. Mimi nilidanganya, na leo namwita mwanangu hanisikii.