Kengele na Mstari wa Televisheni

Siku ya kufua, ua wa nyumba ile ya ghorofa hujaa kamba na maneno. Huyu anakamua shuka, yule anakamua habari. Na kwa muda mrefu habari tamu kuliko zote ilikuwa ya Kengele.

Kengele anakaa ghorofa ya chini. Ni mke wa fundi cherehani. Kazi yake mwenyewe ni kutunza stoo. Alitunza stoo ya kiwanda cha rangi kwa miaka mingi, mpaka kiwanda kikafungwa. Jina hili la Kengele alilipata baadaye, alipokwenda kushiriki mchezo wa maswali kwenye televisheni. Huko, anayejua jibu hubonyeza kengele. Yeye alibonyeza kabla swali halijaisha. Akajibu kwa sauti kubwa swali ambalo hakuna aliyemuuliza. Akatolewa raundi ya pili. Watu walicheka, na yeye mwenyewe alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akarudi nyumbani na zawadi ya pasi ya nguo na jina jipya.

Lakini pasi haijazi tumbo. Fundi alikuwa anashona kutwa, ila nyumba nzima haiwezi kuning'inia kwenye sindano moja. Kengele alitaka kazi. Aliitaka hasa.

Basi wakakaa kuandika wasifu. Wasifu ni ile karatasi ya kuombea kazi. Inaeleza wewe ni nani, umesoma nini na umefanya kazi gani. Wengi huiita CV. Waliiandika juu ya meza ya kukatia nguo, Kengele, mumewe na mama mkwe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana waliiandika kama watu wanaomsifia bibi harusi.

"Anza na televisheni," mama mkwe akaamuru. "Watu wakuone kwanza, mengine baadaye."

"Andika 'mshindi'," mume akaongeza.

"Baba watoto, mimi sikushinda. Nilitolewa."

"Pasi si ulipewa? Asiyeshinda hupewa pasi?"

Kengele akashika kalamu. Akaandika "mshindi." Juu kabisa wakabandika picha yake akiwa amesimama chini ya taa za rangi, mtangazaji amemshika bega. Chini yake wakaandika habari za mchezo, mistari kumi na kitu. Kiwanda cha rangi kilipata mstari mmoja, ukurasa wa pili, chini kabisa.

Walipeleka karatasi hiyo kwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Haikupita wiki, simu ikalia. Aje kwa mahojiano.

"Nilisema mimi!" mama mkwe akapiga makofi.

Mahojiano yenyewe yalikuwa kama sherehe. Meneja alisimama kumpokea. Wafanyakazi wakaja kupiga naye picha. Wakamuuliza mtangazaji yule ni mrefu kiasi gani. Meneja akamtupia maswali ya mzaha, mto upi ni mrefu, mnyama gani halali usingizi, huku anagonga meza kama kengele. Walicheka wote. Kengele alitoka pale anachekelea moyoni, akijua kazi ni yake.

Akangoja. Kimya. Akangoja tena. Mwisho akapiga simu mwenyewe.

"Aa, dada wa televisheni!" meneja akafurahi. "Hujambo? Ile nafasi tumempa mwingine. Anajua sana mambo ya stoo. Wewe tuliona ni mtu wa mambo ya televisheni. Stoo ungeichoka mapema."

Kengele alikata simu akabaki anaitazama. Hebu fikiria na wewe. Televisheni ileile iliyomwitia kazi ndiyo iliyomnyima kazi! Sasa iwe rafiki au adui? Hakuelewa. Alikasirika, halafu akacheka, halafu akakasirika kwa sababu amecheka.

Siku ya kufua ilipofika, alimkuta jirani wa ghorofa ya pili kwenye kamba, anaanika. Jirani huyo wote humwita Afisa, maana anafanya kazi katika ofisi ya ajira ya kiwanda cha sabuni. Yeye ndiye husoma karatasi za waombaji kazi. Kengele alimsimulia yote. Kisha akampa ule wasifu.

Afisa alikausha mikono. Akausoma. Akaugeuza. Akausoma tena.

"Mwenzangu, kazi yako ni ipi?"

"Dada, si unaijua? Mtunza stoo."

"Mimi naijua. Karatasi hii haiijui. Ningekuwa sikufahamu, ningedhani unatafuta kazi ya uigizaji."

Kengele akainamisha kichwa. Ilimuuma, maana kila neno la pale alilisikia kwa sauti ya mama mkwe.

"Nisikilize," Afisa akasema kwa upole. "Karatasi hutufikia rundo. Mara ya kwanza nazipitia haraka. Natafuta kitu kimoja tu: huyu mtu anaiweza kazi tuliyoitangaza? Nisipokiona mapema, naiweka pembeni nashika nyingine. Sina roho mbaya. Ni wingi."

"Kwa hiyo kuandika televisheni ni kosa?"

"Si kosa."

"Basi niuache mstari wake palepale?"

"Sikusema uuache palepale."

"Basi niutoe!"

"Inategemea."

Kengele akashika kiuno. "Inategemea nini tena, dada? Nimekuja nimechanganyikiwa, naona nitaondoka sijui hata mlango wangu uko wapi."

Afisa akacheka. "Inategemea kazi unayoomba. Tuseme wanatafuta mtu wa mapokezi, au wa kuuza bidhaa, au wa redio. Hao wanataka mtu asiyetetemeka mbele za watu. Hapo mstari huo unakusemea vizuri. Uandike mwishoni, kwenye mambo mengine, mstari mmoja mfupi. Na uandike kweli: 'nilishiriki.' Hili neno 'mshindi' limetoka wapi?"

"Kwenye pasi," Kengele akajibu kwa aibu.

"Lifute leo leo. Uongo mdogo kwenye wasifu hukua siku wakiugundua. Mwajiri atajiuliza, kama hapa amenidanganya, kwingine je? Atatilia shaka hata yale ya kweli. Unaweza kupoteza kazi ukiwa umeshaipata."

"Na kazi ya stoo?"

"Umeona tangazo lolote?"

Alikuwa ameliona. Hospitali moja ilitaka mtunza stoo ya dawa. Kengele alitoa simu akasoma: kupokea mizigo, kuhesabu na kukagua, kuweka kumbukumbu, kutoa dawa kwa wodi.

"Sasa nionyeshe kwenye karatasi yako," Afisa akasema, "mahali uliposema unaweza kupokea mzigo."

Kengele akatafuta. Hakuona.

"Kuhesabu?"

Hakuona.

"Kiwanda cha rangi umekipa mstari mmoja. Miaka yote ile ulikuwa unafanya nini humo, umelala?"

"Nilale!" Kengele akamwaga maneno mbiombio. "Nilikuta makopo yanapungua kila mwezi. Hakuna anayejua yanakwenda wapi. Nikapanga rafu upya. Vitu vinavyoshika moto nikavitenga. Kikitoka kitu, anayekichukua anatia saini. Hakuna saini, hakuna kopo, hata uwe bosi. Upungufu ukaisha. Mkaguzi alikuja akahesabu mwenyewe, akaniambia stoo yangu haina deni na mtu."

"Haya yote yako wapi humu?"

"Aa, dada, hiyo ni kazi tu. Nani anataka kusoma habari za makopo?"

"Mwenye stoo!" Afisa akasema. Alisema kwa nguvu mpaka mtu wa dirisha la juu akachungulia.

Kengele akauchukua wasifu wake. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba makopo ni sifa.

Jioni aliandika upya. Jina na namba ya simu juu. Kisha kazi aliyoifanya: alipokea nini, alipanga vipi, alizuia upungufu kwa njia gani. Kisha masomo yake. Kisha jina la msimamizi wake wa zamani, aliyempigia kwanza kumwomba ruhusa. Ukurasa mmoja ukatosha. Afisa alikuwa amemwonya kwamba karatasi ndefu si sifa ndefu.

Chini kabisa ikabaki nafasi ya mstari mmoja.

Akaandika: "Nilishiriki mchezo wa maswali kwenye televisheni." Akaufuta. Akauandika tena. Mtunza stoo ya dawa ana haja gani na taa za rangi? Lakini kama mkubwa wa hospitali anapenda mchezo ule? Na kama anauchukia? Akaufuta. Akamwita mumewe.

"Niuweke, nisiuweke?"

"Mke wangu, mimi nimeshauriwa ninyamaze," fundi akasema, macho kwenye cherehani. "Afisa kaniambia habari ya pasi."

Mama mkwe ndiye aliyechungulia karatasi, akaona picha haipo, mchezo haupo. Akanuna.

"Nchi nzima imekuona, mwanangu. Leo unaona aibu?"

"Sioni aibu, mama."

"Mbona umejifuta?"

Hilo lilimchoma. Maana ukweli ni kwamba siku ile ya taa ilikuwa siku yake ya furaha kubwa. Miaka yote ya stoo hakuna aliyempigia makofi. Nani humpigia makofi mtu aliyehesabu makopo yakatimia? Kuutoa mstari ule kulikuwa kama kukubali kwamba haikuwa kitu. Akakaa karibu na mama mkwe, akamshika mkono.

"Mama, siku ile ni yangu na ni yenu, hakuna wa kuifuta. Lakini hawa wanatafuta mtu wa kuwatunzia dawa. Dawa ikipotea, mgonjwa hapati. Nataka wanione nikiwa stoo. Hii ya televisheni naiacha nyumbani. Siitupi."

Mama mkwe aliguna tu, mguno wa mtu ambaye hajakubali lakini amechoka kubisha.

Hospitali ikamwita. Waliomhoji walikuwa watatu: mfamasia, mhasibu na muuguzi mkuu. Hakuna aliyesimama kumpokea. Hakuna aliyetabasamu. Kengele akaanza kujuta. Loo, pengine angeuweka ule mstari!

"Umeletewa mzigo wa dawa," mfamasia akaanza. "Dereva ana haraka. Anataka saini. Unafanyaje?"

"Namwambia angoje. Nahesabu mbele yake. Nikikuta pungufu, naandika pungufu kwenye karatasi ya mzigo, tunatia saini wote wawili, kisha nakupa taarifa."

"Akikasirika?"

"Akasirike. Hasira yake ataondoka nayo. Upungufu ungebaki na mimi."

Mhasibu akainua macho kwa mara ya kwanza.

"Una maboksi mawili ya dawa moja," mfamasia akaendelea. "Utatoa lipi kwanza?"

"Kiwandani tulitoa lililoingia kwanza. Lakini dawa ina tarehe ya mwisho. Nitatazama tarehe. Linalokaribia kuisha muda ndilo litoke kwanza, hata kama liliingia jana."

Wakaandika. Wakauliza mengi, na kila swali lilikuwa la kazi. Kengele alishangaa kwamba anayajua yote. Hakuwa na muda hata wa kuogopa. Mara muuguzi mkuu akainamisha kichwa, akamkazia macho.

"Samahani. Wewe si yule mama wa televisheni? Aliyejibu kabla ya swali?"

Sasa watadhani nimewaficha, Kengele akawaza. Akasema ukweli kama ulivyo.

"Ndiye mimi. Nilitolewa raundi ya pili."

"Mbona hukuandika?"

"Si siri, mama, na nikiulizwa nasema. Lakini ninyi hamkutangaza nafasi ya kubonyeza kengele. Mmetangaza stoo."

Mhasibu alicheka mpaka akavua miwani. Muuguzi mkuu naye akacheka. Mfamasia hakucheka. Akageuza ukurasa, akauliza: "Tuambie vizuri habari ya hayo makopo yaliyokuwa yanapotea."

Kengele alirudi nyumbani hajui afurahi au ahuzunike. Kule dukani walimchekea wakamnyima kazi. Hapa wamecheka kidogo na wamemuuliza sana. Maana yake nini? Alimuuliza mumewe, naye hakujua. Alimuuliza Afisa, naye akasema neno lake lilelile, inategemea. Kengele alitamani kumrushia ndoo.

Simu ilikuja siku nyingine, fundi akiwa anakata kitambaa na mama mkwe akiwa anasinzia kitini. Kengele alisikiliza. Akasema "ndiyo." Akasema "asante." Kisha akaketi sakafuni, akaangua kilio.

Fundi akatupa mkasi. "Pole, mke wangu, pole. Si mwisho wa dunia, tutatafuta kwingine."

"Nimepata!"

"Umepata nini?"

"Kazi! Nimepata kazi!"

"Sasa unalia nini?"

"Hata sijui!" Akajifuta kwa kiganja, machozi yakaja mengine. "Yule mfamasia anasema waombaji wengi waliandika kwamba wao ni waaminifu na wachapakazi. Anasema mimi peke yangu niliandika nilichofanya. Wamenichukua kwa ajili ya makopo, baba watoto. Kwa kazi yangu. Kazi yangu ileile!"

Mama mkwe alikuwa ameshaamka. Alimtazama mkwewe pale sakafuni. Kisha akainuka taratibu, akaweka chini fimbo yake ya kutembelea, akaanza kumpigia makofi.