Nyumba ya Kumi na Mbili

Kila siku akitoka shule, Faustina alivua sare, akala viazi vilivyobaki asubuhi, kisha akashuka bondeni kwenye kinyungu cha mama yake, bustani ya kando ya maji, kumwagilia mboga. Ndivyo walivyoishi watoto wa upande wa chini wa Nyololo: asubuhi daftari, jioni ndoo. Malori yalinguruma kwenye barabara kuu huko juu yakielekea Mbeya, wala hawakuyageukia.

Jumatano moja redio ilitangaza mchana kutwa kwamba kimbunga kilichokuwa baharini kinasogea nchi kavu, na kwamba hata Nyanda za Juu Kusini zingepata upepo mkali na mvua kubwa kuanzia Alhamisi jioni. Wapo waliocheka. Kimbunga na Mufindi wapi na wapi, walisema, hayo ni mambo ya watu wa pwani.

Mama Didas, mwenyekiti wa kitongoji, hakucheka. Miaka saba iliyopita upepo uling'oa mapaa ya nyumba nne hapo hapo kitongojini. Wakubwa walikuja na gari, wakapiga picha, wakaahidi mabati, wakaondoka. Mabati hayajafika mpaka leo. Mama Didas alikuwa bado anaikumbuka namba ya lile gari.

"Safari hii hatumsubiri mtu," alisema. "Mapaa yetu tutayafunga wenyewe."

Kitongoji kilikuwa na utaratibu wake. Daftari moja lilipitishwa nyumba kwa nyumba, na kila mwenye nyumba aliandika jina lake na neno moja: tayari, au msaada. Aliyeandika tayari aliachwa ajitegemee. Aliyeandika msaada alifikiwa kesho yake na kikosi cha ujima, wakiwa na waya, mianzi na vigingi vya kukita ardhini, wakamfungia paa bila malipo. Safari hiyo daftari alipewa Faustina kwa sababu mwandiko wake ulisomeka.

Nyumba kumi na moja alizimaliza upesi. Ikabaki ya kumi na mbili, ya mzee Makame, fundi cherehani, iliyosimama peke yake ng'ambo ya bonde. Kufika huko kulitaka kuvuka tope la magotini. Tena masikio ya mzee yalikuwa mazito. Hata redio hakuwa nayo, na kuzungumza naye kulikuwa kupiga kelele mpaka koo likauke. Na rafiki yake Happy alikuwa anamsubiri amsuke nywele. Faustina alisimama ukingoni, akayaona mawe makubwa yaliyopangwa juu ya bati la mzee, akajiambia kwamba huyo ameshajiandaa. Akaegemeza daftari gotini, akaandika: Makame, tayari.

Mama Didas alipomuuliza kama amewafikia wote, alijibu, "Wote, mama." Jibu lilitoka jepesi kuliko alivyotegemea.

Alhamisi wanafunzi waliruhusiwa mapema. Faustina akapewa kazi ya kubeba waya nyuma ya kikosi, ambamo alikuwamo baba yake, Saulo. Walilaza mianzi juu ya bati, wakaikaza kwa waya, wakaushusha waya mpaka kwenye vigingi vilivyokitwa ardhini. Kwenye nyumba ya tatu walikuta mawe juu ya paa. Mama Didas akaamuru yateremshwe yote.

"Mawe hayashiki bati," alisema. "Bati likiondoka, mawe yanashuka ndani, yanawakuta mmelala."

Faustina aliyakumbuka mawe ya mzee Makame. Mwenye nyumba hiyo alisema jambo la kuchekesha, watu wakacheka, yeye hakusikia. Alijiambia atasema wakimaliza nyumba hiyo. Kisha atasema wakimaliza inayofuata. Ilipofika saa kumi alasiri, upepo ulikuwa umeanza kuilaza migomba, na yeye hajasema.

Mama Didas alifungua daftari, akasoma majina ya mwisho. "Mzee Makame, tayari. Basi, tumemaliza. Kila mtu kwake."

"Mama," Faustina aliita. "Kwa babu Makame sikufika. Niliandika mimi. Yeye hajui chochote."

Saulo alimtazama bintiye kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kisha Samwel wa bodaboda akakung'uta mikono, akasema amechoka, na isitoshe yule ni mtu wa pwani. Upepo wa bahari na yeye si ni ndugu? Wawili watatu wakacheka.

"Samwel," Mama Didas alisema, "mwaka ule paa lako liliporuka, wanao walilala kwa nani?"

Samwel akageukia waya, akaanza kuukunja.

"Nakuuliza. Wiki tatu, walilala kwa nani?"

"Kwa mzee Makame," Samwel akajibu, na ndiye aliyetangulia kushuka bondeni.

Walimkuta mzee amekaa kwenye cherehani, hana habari, amezungukwa na sare za shule alizokuwa anazishona. Muda wa kufunga paa haukuwapo tena, na kupanda juu katika upepo ule kungekuwa kujiua. Ilibidi kumtoa. Faustina akamsogelea, akamwamkia, akamwambia sikioni, kwa sauti yote aliyokuwa nayo, kwamba kimbunga kinakuja.

"Sasa mbona jana hamkuniambia?" mzee aliuliza.

"Mimi ndiye niliyetumwa, babu. Sikuja. Niliandika uongo."

Mzee akakunja sare, akamkabidhi furushi. "Haya, beba hizi. Zisilowe."

Samwel alijitwisha cherehani. Walikuwa katikati ya mteremko wa upande wa pili waliposikia mlio kama wa lori linalopinduka. Bati la mzee Makame lilipaa, likapita juu ya vinyungu, likaangukia kwenye miti. Mawe hayakupaa.

Mzee alilala nyumbani kwa Saulo. Mvua ilinyesha mpaka alfajiri, na mapaa mengine yote yakakaa mahali pake.

Asubuhi walirudi ng'ambo ya bonde. Kitanda kilikuwa kimevunjika katikati, na mawe matatu yalikuwa yamelala pale ambapo mzee huweka kichwa. Faustina aliyaona, akalia. Hakuna aliyembembeleza, wala aliyemfokea. Wanaume walikwenda kulitafuta bati. Wanawake wakaanza kuzoa maji. Samwel alileta mbao alizoziweka kwa ajili ya jiko lake.

Mama Didas alimvuta Faustina pembeni.

"Umechelewa kusema, lakini umesema, na mzee yu hai kwa sababu hiyo," alimwambia. "Ila nikwambie, mwanangu. Kusaidiana kwetu kunaanza na ukweli. Mtu akisema uongo juu ya jirani yake, hata mikono mia inapita mlangoni kwake bila kusimama. Kimbunga hatukukileta sisi. Lakini mzee kufia ndani peke yake, hilo tungekuwa tumelileta wenyewe, tusingempata wa kumlaumu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Basi futa machozi. Baba yako yuko juu ya ngazi, anataka misumari."