Mstari wa Mwisho wa Wosia

Haya hayakunipata mimi, maana mimi ningelizaba kofi hilo jini. Yalimpata shemeji yangu wa kike, mchapaji ambaye akiishika kibodi utadhani mvua ya mawe imeangukia bati.

Mchana mmoja mama mjane alimletea wosia wa marehemu mumewe, karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, akisema homa ya ghafla ndiyo iliyomchukua.

"Mwanangu, chapa yote. Mstari wa mwisho uache."

Mstari huo ulimpa mdogo wake marehemu ile nyumba.

"Mama, hiyo si dhambi?"

"Dhambi ni mimi kulala nje."

Shemeji akaiskani karatasi, akaigawa skrini: wosia kushoto, kazi yake kulia. Dirisha la wosia akalifupisha kwa chini, mstari ule ufichike, asije akauchapa kwa mazoea. Akaanza. Dirisha likarefuka lenyewe, mstari ukatokea. Akalifupisha. Likarefuka tena.

"Kipanya kimezeeka hiki," akacheka, akakichomoa.

Mara umeme ukakatika. Chumba chake cha kazi, cha ndani kisichopata jua, kikawa giza totoro, kompyuta ikabaki hai kwa betri. Katika kimya kile yeye na mama mjane wakasikia: ta. Ta. Ta. Kipanya kilikuwa kinabofya, na waya wake unaning'inia.

Dirisha likarefuka polepole, likaupita mstari wa nyumba, likafika mahali ambapo karatasi ilikuwa nyeupe. Sasa palikuwa na mstari mwingine, mwandiko uleule, wino unang'aa kama haujakauka:

"Na huu uchape, binti. Mimi sikuugua."