Kuti Kwenye Ufito

Siku ya kwanza Khoa alidhani ni upepo. Kuti alilolifunga jioni kwenye ufito wa omo, mbele ya mashua yake, halikuwapo. Mahali pake lilining'inia shati la mtoto, likidondosha maji na kunuka tope la mtoni.

Katika soko la Cai Rang, soko lililo juu ya maji, kila mashua hutundika kile inachouza: nanasi, boga, kabichi. Kuti maana yake mashua yenyewe inauzwa. Nguo pekee ndiyo hutundikwa na haiuzwi.

"Baba Ti, amua moja," muuza tambi alimtania akipita na mtumbwi wake. "Unauza mashua au unaanika nguo?" Kisha akalitambua lile shati. Akainama, akapiga kasia.

Lilikuwa la Ti, mwana wao, aliyezama kabla ya mvua. Watoto wa mashuani hufungwa kamba mguuni. Siku ile Ti alilia kwamba kamba inambana, na mama yake, Tham, akailegeza.

"Ni wewe unayelitoa kuti," Khoa alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Hutaki tuhamie nchi kavu."

"Shati hilo alizikwa nalo, Baba Ti. Ulimvalisha mwenyewe."

Khoa akafunga kuti jingine. Kulipokucha halikuwapo tena, na shati lilikuwa bichi. Na Man, binti yao aliyekuwa ndiyo kwanza anatambaa, walimkuta ameketi ukingoni akiyachekea maji, na kamba ya mguuni mwake, ambayo Khoa aliikaza kwa mkono wake, ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa vizuri, vilevile kama Ti alivyofundishwa kukunja kamba, na kutoka pale alipoketi mtoto mpaka kwenye omo zilikuwapo nyayo ndogo za maji, ambazo jua lilizikausha moja moja huku wao wawili wakizitazama.

Mchana, soko lilipokwisha kutawanyika, Khoa akamleta Bibi Sau, mganga.

"Aliyekufa maji hatoki mpaka ampate wa kushika nafasi yake," Bibi Sau akasema. "Anamtaka dada yake."

"Anataka kucheza naye tu," Tham akanong'ona.

"Kwa aliye majini, mwanangu, hayo ni mamoja. Sasa sikiliza. Akikuita, usiitike. Ukiitika, habanduki hapa, na huyu mdogo utamkosa."

Akalitia bakuli la wali la Ti ndani ya mtungi, akawasha ubani, akaanza kugonga kengele. Harufu ya tope ikapanda. Chini ya mbao walizokalia, kitu kikakwaruza taratibu, kama kucha.

"Mama."

Tham akamkumbatia Man, akang'ata mkono wa blauzi yake.

"Mama, nifunge kamba. Sitalia tena. Mama, nifunge."

Machozi yalimtiririka mpaka kwenye nywele za mtoto, kifua kilimpanda na kushuka, na neno moja, *naam*, neno ambalo mama yeyote hulisema bila kufikiri, lilimfika ulimini, naye hakulitoa. Bibi Sau akafunika mtungi. Sauti ikakatika katikati ya neno "Mama". Mtungi ule, wenye bakuli tu ndani yake, uliwalemea watu wawili kuunyanyua, wakauzamisha penye kina. Jioni Khoa akafunga kuti jingine.

Kesho yake Tham alimtangulia mumewe kuamka. Fundo la kamba ya Man lilikuwa limekaza. Akaenda kwenye omo. Kuti lilikuwapo, kavu, pale lilipofungwa. Akakaa chini akalia kwa sauti. Kisha akalitwaa lile shati la jana, lililokwisha kukauka, akalichovya mtoni, akalitundika chini ya kuti.

Mnunuzi alifika mapema, akagonga mbao, akaisikiliza injini. "Na hili shati?" akauliza akicheka. "Linakwenda na mashua?"

Khoa alimtazama mkewe, akalitazama shati likidondosha maji. Tangu msiba hakuna aliyemwona Khoa akilia.

"Nguo haiuzwi," akasema, akageuka kufuta uso.